Nage ya Dirishani

Juzi nilijikwaa kwenye chupa ya mchanga mlangoni kwa Mama. Kichupa cha maji cha plastiki, kimejazwa mchanga zaidi ya nusu, watoto wamekiacha kwenye ngazi wakaenda zao. Kidole kiliniuma, lakini kabla ya maumivu ilinipanda hasira, tena hasira hasa. Nikainama, nikakiokota, nikakinusa. Ndiyo, mtu mzima na mkoba wangu wa kazini, nimesimama mlangoni nanusa chupa. Harufu ilikuwa ile ile ya mchanga wa kiwanja chetu cha Ng'ambo, wenye vumbi la mkaa na maji ya kufulia yaliyomwagwa asubuhi, na ikanirudisha moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, kipanya mkononi, ninaunguzwa moto na jini la kwenye kompyuta huku wanaume wananifokea masikioni.

Wa rika langu mnaijua nage. Waliokulia bara wanaiita rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, mmoja anakaa kati na chupa yake. Yule wa kati anajaza mchanga kwa viganja huku anakwepa. Ukiguswa na mpira, umetoka. Ukiijaza chupa kabla hujaguswa, umeshinda, na wenzako wote waliokwisha kutolewa wanarudi kucheza. Mimi nilikuwa hodari wa nage, na sijisifu. Zuhura wa nyumba ya pili, aliyekuwa mwenzangu wa kila siku, mpaka leo akiniona kwenye harusi ananiita Mchanga.

Halafu siku moja nikatolewa, tena si kwa mpira. Nilikuwa darasa la sita, nimerudi chuoni kusoma Kurani, nimevua viatu nataka kutoka, Mama akaniita jikoni. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaniambia ushakuwa mkubwa sasa, nage basi, msichana mkubwa hutulia. Nikamuuliza nimekuwa mkubwa tangu lini, maana jana nilicheza na hakusema kitu. Aliendelea kukuna nazi, akageuza kifuu, akakuna tena. Nikamnunia siku hiyo, na siku iliyofuata, na nikaona raha kumnunia, basi nikaendelea.

Wiki hiyo hiyo kaka yangu Hamadi aliondoka kwenda Maskati kufanya kazi dukani. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na Mama, watu wawili tusiosemezana. Kabla ya kwenda uwanja wa ndege Kaka aliiweka laptopu yake mezani, pale kwenye dirisha linaloangalia kiwanja, akaniambia hii sasa yako, nikishatulia kule nitakupigia, tutacheza gemu mimi kule na wewe hapa. Nililia kwa furaha na uchungu pamoja. Niliamini, kwa akili zangu zile, kwamba ameniachia kwa sababu ataniwaza. Mama ananinyima kiwanja, Kaka ananipa dunia nzima. Hivyo ndivyo nilivyowagawa, mmoja mbaya na mmoja mwema, na sikuona haja ya kuchunguza zaidi.

Gemu lenyewe lilikuwa la kikosi. Mnaingia watu kadhaa kupitia intaneti, kila mmoja na kazi yake, mnapigana na majini na madubwana. Kaka alikuwa mwenye ngao, wa mbele. Wengine wawili walikuwa na mapanga. Mimi nilichagua mpiga upinde, na sababu yake leo inanichekesha na kuniudhi. Katika picha, yule mwanamke wa upinde alikuwa amesimama mbali na wenzake, ametulia, nguo hazijamchafuka. Nikajua hiyo ndiyo kazi ya msichana mkubwa. Mama kasema nitulie, basi nitatulia hata humo.

Na mwanzoni nilitulia vizuri. Kila Ijumaa baada ya alasiri, siku yake ya mapumziko, Kaka alinipigia, nikavaa hedifoni, tukaingia. Wao mbele wanakatakata, mimi nyuma nimesimama kama nguzo, navuta, naachia, navuta, naachia. Katikati ya kupigana Kaka alinisimulia joto la Maskati, tajiri yake asiyecheka, wali wa kule usiotiwa nazi. Kwenye simu ya Mama hakuwahi kunisimulia hayo. Kule nilipewa simu mwishoni, salio likikaribia kuisha, nikaulizwa umesali, umesoma, haya mpe Mama. Kaka yangu wa kweli alikuwa wa Ijumaa tu, ndani ya gemu.

Tukafika kwa Baba Mwenye Nyumba. Hilo ndilo jina walilompa wenzake Kaka, kwa sababu ukiingia tu anakutoa. Alikuwa jini la moto, jitu nene, linakaa kwenye ukumbi wa duara, na mlango unafungwa nyuma yenu. Lilikuwa haliachi mtu asimame. Linainua mkono, chini ya miguu yako linachorwa duara jekundu, ukibaki humo unaungua. Hujapumua, linachora jingine. Wenye mapanga walikuwa wanaligandama miguuni, wanakata huku wanatembea, hawapungukiwi na kitu. Lakini mshale mzito, ule unaoliuma kweli, unataka usimame uuvute upinde mpaka mwisho. Ukisogea hatua moja tu, mvuto umeharibika, anza upya. Vishale vyepesi unaweza kuvirusha huku unakimbia, lakini kwa jitu lile vilikuwa kama kumrushia mtu punje za mchele.

Tena intaneti yetu. Tulikuwa tunatumia kile kijimodemu cha kuchomeka, chenye kitaa cha kijani kinachopepesa, na kilikuwa kizito. Duara nililoliona mimi kwenye kioo, kule kwenye gemu lilikuwa limeshawaka. Wao wa Maskati wanaliona, wanatoka. Mimi ninaliona na nimeshakufa.

Nikisema nilikasirika nitakuwa sijasema kitu. Nilikuwa nakufa wa kwanza kila mara. Ukishakufa huwezi kutoka wala kuingia, unalala sakafuni unawatazama wenzako wanavyohangaika kwa sababu yako, mpaka nao wafe, muanze tena, na ukianza tena unakufa wa kwanza tena. Kiongozi wa kikosi, Mbarouk, kijana aliyefanya kazi duka moja na Kaka, alikuwa na sauti ya kukwaruza na hakuwa na subira. Nikikimbia ananiuliza mbona hupigi. Nikipiga ananiuliza mbona umesimama. Nikasogea nusu, nikapiga nusu, nikaungua mzima. Nilimuuliza Kaka kwa hasira nifanye lipi kati ya hayo mawili, akaniambia, "Yote mawili," kama vile nimeuliza nitie chumvi au sukari. Nilitaka kuirusha ile laptopu dirishani. Nilifyonya mpaka Mama, aliyekuwa amekaa mkekani anachambua mchele, akaniangalia. Sikumwambia kitu. Nilikuwa bado nimemnunia.

Ijumaa moja tuliposhindwa kwa mara nyingi nisizotaka kuzikumbuka, nilivua hedifoni kwenda kunywa maji. Niliporudi na kuivaa, Mbarouk alikuwa anaongea na Kaka, hajui kama nimerudi.

"Hamadi, mdogo wako nampenda, lakini ile nafasi ya mtu wa kupiga. Wiki ijayo akifa wa kwanza tena, namtia binamu yangu."

Nikangoja Kaka anitetee. Nikasikia feni ya chumba chao inavyolalamika. Halafu Kaka akasema, "Sawa."

Sawa. Neno hilo nilitembea nalo wiki nzima. Sikuwa ninaogopa kukosa gemu, gemu lilikuwa limeshanichosha. Nilichoona mbele yangu ni Ijumaa bila Kaka, yeye na binamu wa Mbarouk wanasimuliana habari za tajiri asiyecheka, na mimi nimebaki na umesali, umesoma, mpe Mama. Nilijua hatapiga simu tena kwa ajili yangu, kwani atapiga kwa sababu gani? Nikaanza kufanya mazoezi kila siku baada ya chuo. Kuna kiukumbi cha peke yako mle kwenye gemu ambacho dubwana lake dogo linachora maduara kama lile kubwa. Nilikufa mle mpaka nikawa najua rangi ya kila tofali la sakafu.

Na nje, siku zote hizo, nage inaendelea. Hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi. Dirisha liko wazi kwa joto, na mimi nasikia vile viganja vinavyochota mchanga, na ule mlio wa mpira wa soksi ukimpata mtu mgongoni, na kicheko. Wangecheza mtaa mwingine si ningekuwa na raha zangu? Siku moja nimeshaungua tena, nikasukuma kipanya pembeni, nikajikunja dirishani kwa hasira, nikaanza kumwangalia Zuhura yuko kati. Niliangalia kwa husuda tu, kutafuta kosa.

Zuhura hakuwa anakimbia. Wachezaji wapya ndio hukimbia kiwanja kizima, na hao hawajazi hata kifuniko. Yeye alikuwa anasogea vihatua, hatua mbili za upande huu, anarudi, chupa yake daima iko karibu na mkono. Na hakuwa anautazama mpira. Ukiutazama mpira umeshachelewa. Alikuwa anatazama bega la anayerusha. Bega likienda nyuma, tayari ameshasogea, mpira bado haujatoka mkononi. Na mpira ukishampita tu, kabla yule wa pili hajaudaka na kujiweka sawa, ndipo anapoinama, anachota, anatia. Hapo hakuna wa kumgusa. Muda wa kusimama upo, tena upo kila mara, ila unaanza pale pale mrushaji anapomaliza kurusha.

Nilijisikia mjinga. Haya yote mimi ndiye niliyemfundisha Zuhura. Mwili wangu ulikuwa unayajua kabla sijajua kusoma saa, na miezi yote nimekaa kwenye kiti nimesimama kama nguzo, kisha nakimbia kama kuku, kwa sababu mtu ameniambia nitulie na mwingine ameniambia nisisimame. Nikarudi kwenye kile kiukumbi. Sikuangalia sakafu kabisa. Niliangalia bega la lile dubwana. Bega likipanda, vihatua viwili na kishale chepesi. Moto ukishawaka kule nilikotoka, nasimama, navuta mpaka mwisho, naachia. Chota, tia. Na ule uzito wa intaneti haukuwa na kazi tena, maana sikuwa naungoja mpira. Mama aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikasahau kama nimemnunia, nikamwambia nimeijaza.

Ijumaa ikaja. Mbarouk alinisalimu kwa adabu ya mtu anayekuaga. Mlango ukafungwa, Baba Mwenye Nyumba akasimama, mkono wa kwanza ukapanda, na mimi nikawa nimeshatoka. Sikufa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mmoja wa wenye mapanga, na nitasema ukweli, nilifurahi. Kisha wa pili. Kisha Mbarouk mwenyewe, akiwa katikati ya kumlaumu mtu. Nikazunguka ukingoni mwa ukumbi kwa vihatua vyangu, yale maduara nikiyaacha nyuma kwenye ukuta ili katikati pabaki pasafi, kama unavyoilinda chupa isikanyagwe. Kaka akaanguka mwisho, na ngao yake. Nimebaki mimi na jitu, na damu yake, ule mstari mwekundu juu ya kioo, imebaki kijistari. Bega. Hatua. Moto. Nikasimama, nikavuta, na hakuna aliyeniambia kitu, nikaachia.

Kelele zilizotoka Maskati zilinifanya nivue hedifoni. Nilipoivaa tena, Mbarouk alikuwa ananiita mwanangu, mwanangu, kama si yeye. Na Kaka anacheka kile kicheko chake cha zamani cha nyumbani, nikaona kila kitu kimerudi. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa kujivuna, nage, nimewatazama dirishani.

"Nage?" akasema, bado anacheka. "Na mimi nilimwambia Mama akutoe kwenye nage kabla sijaondoka. Wale vijana wa maskani wanakaa pale kiwanjani kutwa, nani angekuangalia? Ndiyo nikakuachia laptopu, usichoke kukaa ndani."

Alisema hivyo hivyo, kwa wepesi, kama mtu anayekukumbusha alikuletea zawadi. Hakuwa anakiri kitu, kwa sababu hakuona kama kuna cha kukiri. Kwenye sakafu ya ukumbi lile jitu lilikuwa limeangusha upinde, upinde mzuri kabisa, wa fedha na manyoya ya buluu, ambao nilikuwa nimeuota. Kaka akasema wote wamekubali ni wangu, niuchukue kabla ukumbi haujafungwa. Nilikuwa nauona. Sikuuchukua. Nilivua hedifoni, nikaiweka mezani, nikamsikia kwa mbali ananiita kama mdudu aliyeingia ndani ya kikombe. Halafu ukumbi ukafungwa.

Mama alikuwa mkekani, mbele yake ungo wa mchele. Miezi yote ile nilikuwa nimemnyima salamu, nimemjibu kwa mabega, nimekula chakula chake na kumpa mgongo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kuwa ni Kaka. Alipepeta mchele kidogo kwanza.

"Ungemchukia, na yeye yuko mbali," akasema. "Mimi ukininunia nnakuona."

Nililia, lakini msidhani nililia kwa kumwonea huruma peke yake. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda. Mama alinionea na alibeba lawama kwa ajili yangu, vyote viwili kwa wakati mmoja, na Kaka alinipenda na alinifungia ndani kwa mkono ule ule. Mtoto wa miaka ile anataka mbaya mmoja na mwema mmoja. Kwenye gemu angalau unajua jini ni nani. Niliendelea kuingia kila Ijumaa, nikaendelea kusikiliza habari za tajiri, na sikuwahi tena kumwambia Kaka jambo la kweli kupitia kwenye ile hedifoni. Yeye hakutambua tofauti. Nadhani hata leo hajatambua.

Basi juzi, nimejikwaa, nimenusa, nimeingia ndani na chupa mkononi bila kujua naipeleka wapi. Kaka alikuwepo, ameketi kwenye kochi na simu yake. Amerudi moja kwa moja sasa, tumbo limetangulia, ana duka lake la vipuri na binti mmoja, Sabra, wa darasa la sita. Mama yuko mkekani, macho hayaoni vizuri lakini mchele bado anauchambua kwa vidole. Nikampa Mama shikamoo, nikamsalimu Kaka, na hata sijakaa vizuri Kaka akanipa kazi.

"Afadhali umekuja. Zungumza na Sabra, wewe anakusikiliza. Mtoto ashakuwa mkubwa yule, nage sasa basi."

Mama aliacha kuchambua mchele. Vidole vilisimama juu ya ungo. Na mimi, mwanamke ninayesimama mbele ya watu kazini nikaongea bila kigugumizi, nikawa tena yule mtoto wa siku ile ya hedifoni. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, miaka yote nimeyapanga vizuri, kwa mtiririko, na hakuna hata moja lililokuja.

Ndipo Sabra akatokea dirishani kwa nje, ameshika nondo za dirisha, jasho linamtiririka na mchanga umemjaa kwenye nyusi.

"Shangazi, hujaiona chupa yetu? Tuliiweka hapo kwenye ngazi."

"Hakuna chupa," akasema Kaka, hajainua macho kwenye simu. "Ingia ndani."

Sabra alinitazama mimi. Nikasogea dirishani, nikakipitisha kile kichupa katikati ya nondo, akakipokea kwa mikono miwili, mchanga usimwagike.

"Bado hujaijaza," nikamwambia. "Nenda."

Akaenda mbio. Nyuma yangu Kaka aliniita kwa jina langu, taratibu, kisha tena kwa sauti ya mwenye nyumba. Sikugeuka. Sabra alikuwa ameshaingia kati, na mimi nilikuwa natazama bega la yule mtoto mwenye mpira.